Chuma Kisichovimba

Fundi wa maabara wa shule yetu alikuwa na saa ya mkononi iliyotangulia kwa dakika kumi na moja, na hakuwahi kuirekebisha. Ukimuuliza ni saa ngapi aliitazama, akatoa zile dakika kichwani, kisha akakupa jibu sahihi. Kijana mmoja wa darasa letu alimwambia kwamba kuzungusha kile kifundo kidogo pembeni kungemaliza kazi. Fundi akamjibu kwamba saa ambayo unalijua kosa lake ni bora kuliko saa unayodhani haina kosa. Halafu akamtuma akaoshe mirija ya majaribio, kwa sababu hakupenda kumwona mtu amesimama bure.

Naandika habari zake kwa sababu shuleni wanamkumbuka kwa jambo moja tu, lile la maonyesho ya sayansi ya Runyenjes, na hata hilo wanalisimulia vibaya. Mimi nilikuwepo. Lakini mimi si mtu wa kuongea. Darasani waliniita Kimya, na kuna muhula mzima mwalimu wa Kiingereza alidhani mimi ni mwanafunzi mgeni. Kwa hivyo naandika, na nitasema hata yale yasiyonipendezesha.

Shule yetu ni ya kutwa, iko juu kidogo ya Nkubu, pale ambapo kahawa inaisha na chai inaanza. Maabara iko mwisho kabisa, karibu na tangi la maji. Fundi alikuwa humo kabla ya walimu wote wa sasa. Mwalimu mkuu alikuja akamkuta, mwalimu wa fizikia alikuja akamkuta, na hata yale mabenchi, nasikia, yaliletwa akiwa tayari amesimama mlangoni akiyangoja.

Hakutaka kuitwa mwalimu. Kidato cha Kwanza tulimwita hivyo kwa adabu tu, akatukatiza. Alisema mwalimu ana kiti kule stafu, chumba cha walimu, yeye ana stuli. Hakulisema kwa uchungu, alikuwa anatoa hesabu tu ya vitu vilivyopo. Sisi wasichana alituita mwari, yaani binti kwa Kimeru, na wavulana hakuwaita chochote, aliwanyooshea kidole.

Alikuwa na mikono mikubwa ya mkulima na kucha alizozikata fupi mno. Kila asubuhi aliandika joto la chumba pembeni mwa ubao, hata siku ambazo hakukuwa na somo humo. Kabla ya kusoma kipimajoto alizuia pumzi. Nilimwona mara nyingi kupitia dirishani, amesimama na mashavu yamejaa hewa kama mtoto anayetaka kupiga mbizi. Ukimwambia urefu wa kitu ni karibu sentimita nne alikasirika. Alisema karibu tunawaambia wageni, yeye anataka namba.

Na bado hakuwa malaika. Alitupiga marufuku kula maabarani, akatufukuza hata kwa sababu ya pipi. Yeye mwenyewe alikula githeri, mahindi na maharagwe yake, humo kila siku saa saba, nyuma ya kabati la asidi, katika bika, gilasi ya majaribio, aliyoiandika SUMU kwa wino mwekundu ili mtu asiiguse. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Kuna pia habari ya shamba lake. Jirani yake alikuwa amesogeza mpaka, taratibu, mwaka hadi mwaka, akihamisha yale maua ya mpaka kila anapolima. Mke wa Fundi, ambaye nilimsikia kanisani akimweleza mama yangu, alitaka jambo hilo lifike kwa chifu. Fundi alikataa. Si kwamba hakujua. Alijua kabisa, alikuwa amepima: futi moja na inchi saba upande wa mto, futi moja kasoro upande wa barabara. Aliandika kwenye daftari, akafunga daftari, akaendelea kusalimiana na jirani kama kawaida. Mama Fundi alisema, "Huyu mzee wangu anaweza kukwambia nywele ina unene gani, lakini kumwambia mtu ukweli usoni hawezi." Mama yangu alicheka. Mimi nililiweka neno hilo akilini kwa sababu lingeweza kusemwa juu yangu.

Kupima mashamba kulikuwa kazi yake ya kwanza. Zamani, kabla ya shule, aliwahi kuzunguka na masorovea, wapima ardhi, akishika upande mmoja wa utepe wa kupimia. Huko ndiko alikokutana na ile metali iliyomkamata maisha yake yote. Alituambia kwamba utepe wa chuma cha kawaida ni mwongo wa saa sita mchana. Asubuhi kuna baridi ya mlima, utepe ni mfupi. Jua likiwaka unarefuka, na shamba lililopimwa asubuhi si sawa na lililopimwa mchana, ingawa mawe ya mpaka hayajasogea. Kwa kazi iliyohitaji uhakika masorovea walikuwa na utepe mwingine, uliofungiwa kwenye sanduku lake kama chombo cha kanisa. Huo ulitengenezwa kwa aloi ya chuma na nikeli iitwayo inva. Haivimbi kwa jua, au inavimba kidogo sana hata usione. Siku moja utepe huo ulikanyagwa na ng'ombe kule karibu na Runyenjes ukakatika, na sorovea akamruhusu Fundi abaki na kipande cha urefu wa mkono. Alikihifadhi ndani ya kitambaa cha flana, kwenye droo yenye kufuli.

Mimi nilikiona Kidato cha Tatu. Kilikuwa kama utepe wowote wa fundi seremala, mwembamba, rangi ya maji ya mvua. Nilijiunga na klabu ya sayansi kwa sababu klabu ya kwaya walitaka sauti. Tulikuwa wanne. Wawili walienda mpira, mmoja akahama shule, nikabaki mimi, na kwa kuwa sikuweza kumwambia Fundi kwamba nami naondoka, nikakaa. Akanieleza jambo lake.

Alisema ndani ya aloi hiyo sumaku ndiyo inayoziweka chembe zikiwa zimeachana kidogo, kama watu wanaosukumana kwa viwiko kwenye benchi la kanisa. Ukiipasha moto, chembe zinataka kuachana zaidi, kama za chuma chochote. Lakini joto hilohilo linailegeza sumaku. Viwiko vinashuka, watu wanasogeleana. Kule kuvimba kunafutwa na kule kusinyaa, na ndiyo maana utepe haurefuki. Hapo akanitazama kuona kama nimefuata. Nilikuwa nimefuata.

"Sasa geuza swali," akasema. "Kama ni sumaku inataka nafasi, ukiinyima nafasi?"

Nilijibu kwa sauti ya chini kwamba itafifia.

"Bila moto," akasema. "Kwa kuibana tu. Ukiibana vya kutosha, inasahau kuwa ni sumaku."

Alikuwa amelisoma hilo katika kitabu kisicho na jalada kilichokuwa stoo, miaka mingi kabla sijazaliwa. Hakuwahi kuliona. Mwalimu wa fizikia, kijana mwenye heshima lakini mwenye haraka, alisema shinikizo la namna hiyo linahitaji mashine za chuo kikuu na si jeki. Fundi hakubishana. Alisema tu, mimi nikiwa nimeingia Kidato cha Nne, kwamba mwisho wa mwaka mkataba wake unaisha, na angependa kuiona kabla hajarudisha funguo. Basi. Hakutaka zawadi wala picha, alitaka kuiona.

Kwa hiyo tuliazima jeki ya basi la shule, ile ya umbo la chupa. Vijana wa jua kali, mafundi wa kando ya barabara pale Nkubu, wakatuchomea fremu ya vyuma vya pembe. Kipande cha inva alikikata kwa msumeno mdogo, akitokwa na jasho kama mtu anayejikata kidole, akapanga vipande vidogo juu ya vingine kama chapati, akavisugua kwa sumaku mpaka vikawa sumaku. Juu na chini ya vipande aliweka meno mawili ya keekee ya kuchimbia kisima, kitu kigumu kuliko chuma. Pembeni, juu ya kibao, tukaweka dira. Sindano ya dira ilivutwa na vipande, ikaacha kaskazini kwa digrii ishirini. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Ukibana, sumaku ikififia, sindano itarudi kidogo kuelekea kaskazini kwake.

Nieleze jeki vizuri, kwa sababu mambo yote yako hapo. Jeki ile ina mkono mmoja wa chuma, na mkono huo una kazi mbili. Ukiuchomeka juu kwenye pampu, ukaupandisha na kuushusha, jeki inabana. Ukitaka kulegeza, unauchomoa, unaushikisha kwenye skrubu iliyo chini ya jeki, unazungusha, na mafuta yanarudi. Kila dereva anajua hivyo.

Tulibana. Fundi alipampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikasoma dira, na ishirini ilikuwa imeshuka ikawa kumi na saba. Tulilegeza, ikawa ishirini. Tukabana tena, kumi na saba. Tulirudia alasiri nzima, na digrii zile tatu zilienda na kurudi bila kukosea hata mara moja. Fundi alikaa kwenye stuli yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila kitu mkononi.

Wenzangu walikuwa na maoni yao. Kila nilipotoka maabarani nikinuka mafuta, wasichana wa darasa langu waliniuliza kama mahari ya jeki imelipwa, na harusi ni lini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahi. Kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti, pale Meru mjini, tulikuwa wa kwanza katika fizikia. Mimi niliongea maneno niliyoyakariri nikiangalia viatu vya majaji, na sindano ikafanya yaliyobaki. Mwalimu wa fizikia alimshika Fundi mkono mbele ya watu. Jaji mmoja alisema mradi ukifaulu ngazi ya mkoa, kuna mtu wa chuo kikuu atakayekuja kuuona.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu alifanya gwaride refu. Alituambia kwamba maisha ni jeki, na mwanafunzi ni kile chuma, na tukibanwa na mitihani tusipoteze sumaku yetu, tusimame imara katika Bwana. Wanafunzi walipiga makofi. Fundi alikuwa amesimama nyuma karibu na bendera. Tuliporudi maabarani alinung'unika mpaka kengele ya mapumziko. Alisema mtu amesikia habari ya kweli kabisa, nzuri kama ilivyo, halafu anaivalisha kanzu.

"Chuma si mtu," akasema. "Chuma hakichagui."

Hayo ndiyo aliyoyaamini. Mimi ninayaandika tu.

Siku tisa kabla ya maonyesho ya mkoa, Fundi alikuwa ameenda Meru kuchukua kemikali. Nilikuwa peke yangu maabarani. Nilitoa vile vipande vya inva kwenye jeki ili nivifute kutu, nikaviweka meza ya mbali karibu na dirisha. Skrubu ya chini ilionekana imelegea, mafuta yakivuja kidogo. Nikachukua mkono wa jeki nikaushikisha pale chini niikaze.

Sindano ya dira ikasogea.

Nilidhani nimegonga kibao. Nikautoa mkono, nikauchomeka juu kwenye pampu. Sindano ikarudi. Nikaushusha tena chini, sindano ikasogea, digrii tatu. Hakukuwa na kitu chochote ndani ya jeki. Ulikuwa ni ule mkono wenyewe, kipande cha chuma cha kawaida. Ukiwa chini kwenye skrubu uko karibu na dira, unaivuta. Ukiwa juu kwenye pampu uko mbali, unaiachilia. Na sisi kila tulipolegeza tulikuwa tumeuacha chini, na kila tulipobana tulikuwa tumeuacha juu. Alasiri zote zile tulikuwa tukipima mahali ulipo mkono wa jeki.

Nilirudia mara saba. Kisha nikarudisha vipande, nikanawa, nikaenda kwenye somo la Dini.

Sikumwambia. Nimejiuliza sababu, na ninazo nyingi, na zote ni kweli. Nilimwona alivyokuwa na furaha. Jina langu lilikuwa kwenye cheti. Lakini ile kubwa ni ndogo na ya aibu: ili kumwambia ilibidi mimi ndiye nianze mazungumzo. Kila asubuhi nilifika mlangoni na sentensi tayari. Kila asubuhi alikuwa amezuia pumzi akisoma joto la chumba, na nikisubiri amalize, sentensi ilikuwa imekwisha.

Runyenjes tulifika mapema. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa shule moja ya wasichana, na nje ya lango boda boda zilikuwa zinashuka na magunia ya maparachichi kwenda sokoni. Meza yetu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Kwa kanuni, aliyemsaidia mwanafunzi hakuruhusiwa kuongea mbele ya majaji, kwa hivyo Fundi alisimama ukutani, hatua kama sita nyuma yangu, amevaa koti lake la Jumapili.

Majaji walikuwa watatu. Wanaume wawili waliuliza mambo niliyokuwa nimekariri. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa ananitazama mimi badala ya mashine. Nilibana, nikasoma kumi na saba. Nililegeza, nikasoma ishirini. Alitikisa kichwa taratibu, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Kuna kitu kingine hapa kinaweza kusogeza hiyo sindano?"

Niliangalia viatu vyake. Nilikuwa nasikia mtu wa meza ya jirani akieleza habari za kinyesi cha ng'ombe na gesi.

"Kuna," nikasema.

"Sikusikia, mama."

"Huu mkono wa jeki."

Nikavitoa vile vipande nikavishika mkononi, nikarudi nyuma navyo, nikamwomba yeye mwenyewe aushushe mkono na kuupandisha. Alifanya hivyo mara tatu. Wale wanaume wawili waliinama kuangalia. Mama akaandika kitu, akaniuliza tumeligundua lini.

"Sasa hivi," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Nauandika hapa kwa mara ya kwanza.

Sikugeuka kumtazama Fundi. Tulipofungasha, alifunga vile vipande kwenye flana kwa uangalifu uleule wa siku zote, akaninyang'anya jeki kwa sababu ni nzito. Hatukupata nafasi yoyote. Ndani ya gari la shule alikaa upande wa dirisha. Tulipokaribia daraja la Thuci, bila kunigeukia, alisema maneno pekee aliyosema siku hiyo.

"Ungeniambia mimi kwanza."

Nikamwambia kwamba nililiona palepale mezani. Ulikuwa uongo wa pili, na huu haukunipa taabu hata kidogo, ulitoka kama salamu.

Shuleni habari ilifika kabla yetu. Wengine walisema mzee alikuwa anadanganya majaji kwa ujanja wa masorovea. Wengine walinisema mimi. Msichana anayekaa nyuma yangu alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu Kimya amefungua mdomo siku moja tu, na siku hiyo amemzika mzee wa watu." Darasa lilicheka, na mimi nikaendelea kunakili ramani. Mwalimu mkuu hakuitaja tena jeki gwarideni. Mwalimu wa fizikia alikuwa mwema, alisema sayansi ni hivyo, lakini alisema akiwa anatoka. Fundi aliendelea kuandika joto la chumba ubaoni. Aliniita mwari kama zamani, akanipa kazi kama zamani, na hakuna siku tuliyolizungumza lile jambo. Mwisho wa muhula wa pili wakubwa wa shule waliona hakuna haja ya kungoja mkataba wake uishe. Alipewa chupa ya chai na blanketi, akarudisha funguo. Alikuja kijana mpya mwenye diploma, ambaye hajui kwamba ile bika ya SUMU si ya sumu.

Nilifanya mtihani wangu wa mwisho. Maabarani tulifanya majaribio ya fizikia, na swali moja lilikuwa la dira. Nililijibu lote.

Desemba mama alinipeleka Timau kwa mama mdogo, ambaye anafunga mboga kwenye shamba kubwa la kule. Timau ni baridi ya aina nyingine, inaingia kwenye meno. Siku ya pili mama mdogo alikuwa anasimulia vituko vya mtaa wao wa wafanyakazi, akasema kuna mzee wa upande wetu, amekuja kukaa na binti yake, na anawasumbua madereva wa trekta kila jioni akiomba jeki. Anairudisha safi kuliko alivyoichukua, alisema, lakini hawajui anainua nini, kwa sababu hana gari. Nilimwuliza anakaa nyumba gani.

Nilikwenda asubuhi, peke yangu. Nilikuwa na sentensi yangu tayari na safari hii niliirudia njiani kwa sauti, kwa kuwa kwenye mashamba ya ngano hakuna mtu.

Alikuwa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya binti yake, amevaa kofia ya sufu na makoti mawili. Amekonda kidogo. Aliponiona hakushangaa, alinisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. Fremu yetu ilikuwepo. Ndani yake jeki ya trela, kubwa kuliko ya basi. Na mkono wa jeki haukuwa wa chuma. Alikuwa ameuchonga kwa mti mgumu, na ncha yake ameikata vizuri ishike skrubu. Kibao cha dira kilikuwa palepale.

Niliongea kabla hajaniuliza habari za nyumbani.

"Fundi, sikuliona Runyenjes. Nililijua siku tisa kabla. Nilidanganya."

Alikuwa anapaka mshumaa kwenye ule mkono wa mti, akaendelea kupaka mpaka akafika mwisho wake.

"Mimi nililijua kabla ya maonyesho ya Meru," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akaeleza, kwa ufupi, kwamba jioni moja baada ya mimi kwenda nyumbani alikuwa anafunga, akainamisha mkono kwenye skrubu, akaona sindano. Hakurudia. Alizima taa akafunga mlango. Mtu aliyetufanya tupime urefu wa penseli mara tano, jambo hilo hakulirudia hata mara moja.

Nilikasirika. Si jambo ninalolijua sana, kwa hivyo nilichelewa kulitambua. Nilimwuliza kwa nini basi aliniambia vile ndani ya gari, na kwa nini aliniacha miezi yote nikiwa ndiye niliyemzika.

"Ile namba ilikuwa nzuri," akasema. "Nimeingoja miaka. Ikaja, nikaona inatoka wapi, nikasema wacha ikae kidogo. Halafu ikakaa." Alifuta mikono kwenye koti. "Ya kwenye gari, ile ni aibu. Ilikuwa rahisi iwe yako kuliko yangu."

Hakuniomba msamaha na mimi sikumpa. Nilimwambia lile lingine nililokuja nalo, kwamba nilikuwa nimesoma kwenye simu ya mama, na jambo lenyewe ni kweli. Kuna watu wanaibana inva katikati ya almasi mbili, na ikibanwa vya kutosha sumaku yake inakufa kabisa. Nguvu yao ni kubwa mara nyingi kuliko ya jeki yoyote. Nilidhani atafurahi.

"Najua ni kweli," akasema. "Siku zote nilijua. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kudanganya."

Kisha akaniuliza kama nina muda. Nilikuwa nao. Aliweka vipande, akakaza, akashika ule mkono wa mti apampu, akainama juu ya dira kama alivyozoea. Sindano ilitetemeka. Niliona koti lake lilivyoning'inia.

"Fundi, una nini mfukoni?"

Alitoa funguo za nyumba na kisu kidogo cha kukunja. Alivitazama.

"Peleka nje," nikasema. "Na wewe kaa nje. Nitapampu mimi."

Alitoka. Nilimwona kupitia mlango, amesimama kwenye baridi na mikono kando, kama mtu anayesubiri kupimwa nguo. Nilipampu mpaka ule mti ukalia. Nilingoja sindano itulie, nikazuia mwili wangu usiegemee meza, nikasoma. Nikalegeza, nikasoma tena.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Haikusogea."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

Alitikisa kichwa, akatazama mlima, ambao asubuhi hiyo haukuwa na wingu. Akasema nirudie. Nikarudia. Tuliendelea hivyo mpaka binti yake akaita chakula, yeye nje, mimi ndani, na kila mara aliuliza kwa sauti ileile, na kila mara nilimjibu sifuri kwa sauti ya kumfikia alipo.